Mtoto wa Mabegani

Leningrad, 3 Oktoba 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo, na salamu kutoka mji ambao mvua yake haina haraka. Mimi ni mzima. Soksi ulizonifumia zimefika. Maandazi nayo yamefika yamekauka kama mawe, tukayachovya kwenye chai yakaisha siku hiyo hiyo. Kifua cha Baba kinaendeleaje? Najua anakuambia ni vumbi la nyasi tu. Usimsikilize. Na Anzor mwambie asijifanye hana dada; kalamu haing'ati.

Nina habari. Mwaka huu mwalimu wetu amempa kila mwanafunzi neno moja fupi, alifuatilie katika lugha za jirani mpaka lilikotoka, kama mtu afuataye nyayo za ng'ombe aliyepotea. Mimi amenipa neno letu: kan. Nilidhani nitalimaliza kwa wiki moja. Kwetu Wakabardi kan ni mtoto anayelelewa na nyumba isiyo yake, basi. Lakini Zukhra, Mbalkari ninayelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akajikata kidole na kisu cha mkate, kisha akanionyesha kidole chenyewe: "Hii ndiyo kan, bibie msomi." Kwao, kama kwa Waturuki wengine, kan ni damu. Na mpishi wa bweni letu, Mkosaki wa ukingo wa mto Terek, anasema bibi yake katika Kirusi chake alikuwa na neno kanly: mtu ambaye kuna damu kati yenu, ambaye ukimwona njiani unageuza farasi. Mwalimu anasema wataalamu hawajakubaliana kama neno letu lilitoka kwa Waturuki, au yanafanana tu kama wanavyofanana watu wawili wasiojuana. Nimekaa nalo usiku na mchana. Unanijua nikishika kitu.

Kwa hiyo nisaidie. Kijijini kwetu nani aliwahi kuwa kan, au kulea kan? Waulize wazee, uniandikie hata mambo madogo.

Nimewasimulia wenzangu habari za Baba. Zukhra hakuamini. Anasema wanaume wa Kikabardi anawajua: mtoto wao akiangukia mtoni wanamwita jirani amtoe, maana kumshika mwanao mbele za watu ni aibu. Nikamwambia labda wengine. Babangu alinibeba mabegani akapita soko zima, wazee wamekaa wanatazama, akaniachia nimvue kofia niivae mimi, na hakuna aliyethubutu kucheka. Zukhra akasema basi huyo ni mtu wa peke yake. Nikasema ndiyo, ni wa peke yake. Nililala na furaha hiyo.

Bintiyo,
Marita

*

Chegem, 24 Oktoba 1978

Mwanangu Marita,

Pokea salamu zetu wote. Tumshukuru Mungu, wazima tupo, ila viazi vya upande wa mto vimeoza na ng'ombe mwekundu amepunguza maziwa. Babako anakohoa. Mganga wa zahanati alimwambia aache kuvuta, naye akaacha kwenda zahanati. Anzor anasema kalamu haing'ati lakini wewe unang'ata, ndiyo maana haandiki.

Kuhusu lile neno, mwanangu, mambo hayo ni ya zamani, na wazee waliobaki hawasikii vizuri. Mwombe mwalimu akupe jingine. Maneno mafupi yako mengi: maji, chumvi, moto. Chukua moto, ni neno zuri.

Nilimsomea babako barua yako kama kawaida, yeye amekaa dirishani amenipa mgongo. Nilipofika pale pa sokoni alisimama, akatoka, akaenda zizini kwa yule farasi jike mwenye miguu myeupe. Alikaa huko mpaka ugali wa mtama ukawa jiwe. Anzor bado analalamika kwamba farasi huyo anakula kuliko sisi wote na hapandwi na mtu. Mwandikie wewe umwambie amwache. Farasi yule si wa kupandwa.

Vaa soksi. Kula.

Mimi mamako

*

Leningrad, 19 Novemba 1978

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo na kifua kimepoa. Mimi nina afya, ila mwandiko utaniwia radhi.

Mwalimu alinipeleka kwa Mkabardi mmoja anayeishi hapa mjini, Bi Kuzha, mjane wa afisa wa jeshi. Alinipikia chai yetu ya maziwa na chumvi, nikanywa bakuli tatu nikakaribia kulia kwa kukumbuka nyumbani. Akaanza kunieleza habari za kan. Watu wa zamani walipeana watoto kwa urafiki, ili nyumba mbili ziwe moja. Akasema mlezi hana aibu na kan wake: humbeba, humbusu, humsifu mbele ya kijiji kizima, mambo ambayo kwa mwanawe wa kumzaa hawezi kuyafanya, afadhali afe. Mimi nikacheka, nikamwambia kwetu mambo ni tofauti, nikamhadithia soko, mabega na kofia.

Bi Kuzha aliweka bakuli chini. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia ukoo. Akauliza kama nina kaka, na kama Baba alipata kumbeba kaka yangu pia.

Mama, nilianza kusema ndiyo. Nimetafuta katika kumbukumbu zangu zote. Anzor alipovunjika mguu, ni mjomba aliyembeba hadi kwenye gari, na Baba alikuwa amesimama pale pale akitazama paa la nyumba. Niliyaona hayo kwa macho yangu, nina miaka tisa, na sikuona kitu.

Kisha Bi Kuzha akaniuliza jambo ambalo sikuelewa. Aliuliza: "Je, nyumbani kuna farasi asiyepandwa?"

Nilipomwambia yupo, hakutaka kusema zaidi. Alinifunga skafu shingoni kama mtoto, akanisindikiza mpaka kituo cha tramu, akasema mambo mengine mtu huwauliza watu wake mwenyewe.

Basi nakuuliza wewe. Mimi ni wenu? Neno moja linatosha.

Marita

*

Leningrad, 10 Desemba 1978

Mama,

Salamu. Zukhra amepata barua mbili kutoka kwao, bonde lile lile letu. Kwa hiyo barabara haijafungwa.

Marita

*

Chegem, 21 Desemba 1978

Marita,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Hapa theluji imefika magotini, na wote tuko hai.

Mwanamke wa kwetu hataji jina la mumewe, unajua. Tangu niolewe sijalitaja. Hata zahanati nilimwomba muuguzi aliulize kwa mtu mwingine. Leo naliandika, kwa sababu jambo hili siwezi kusema limefanywa na "mwenye nyumba" au "babako". Hasanbi alimwua babako.

Babako aliitwa Kambulat. Tuliishi wote bonde la Baksan, na hao wawili walikuwa marafiki tangu utotoni. Waligombana malishoni siku ya kukata nyasi, kwa ajili ya mpaka, kipande cha upana wa blanketi. Hasanbi akamsukuma. Kambulat akaangukia mundu wake mwenyewe, ule mrefu wa nyasi. Serikali iliandika ni ajali. Damu haisomi karatasi za serikali. Betal, mdogo wake Kambulat, alikuwa na haki ya kumwua Hasanbi, na Anzor akikua angekuwa na haki ya kumwua mtoto wa Betal, na hivyo hivyo mpaka bonde liishe watu.

Ndipo mzee mmoja wa ukoo wetu akakumbusha njia ya mababu. Mwuaji huingia nyumba ya aliyemwua, huchukua mtoto, humlea kuliko wake, na akishakua humrudisha kwao mbele ya watu, na farasi, na heshima. Wakimpokea, damu imekwisha.

Kambulat hakuacha mvulana. Alikuacha wewe. Hasanbi aliingia mchana, Nashkho, mama aliyekuzaa, akiwa amekwenda kuteka maji. Alipotoka nawe mlangoni alimkuta bibi yako, mama yake Kambulat, amesimama uani. Yule bibi angeweza kupiga yowe na Hasanbi asingefika langoni. Aligeuka akatazama ukuta. Hivyo ndivyo walivyokubali.

Ulifika na njaa. Anzor alikuwa na miezi minne. Nilikupa ziwa la kulia, ambalo lina maziwa mengi, yeye nikampa la kushoto, na haikubadilika mpaka mlipoacha. Kama kaka yako amekuwa mfupi, sababu ndiyo hiyo.

Tulihamia Chegem ili usisikie. Tuliapa kunyamaza. Lakini watu wa hapa walijua bila kuambiwa, siku ya kwanza walipomwona Hasanbi sokoni nawe mabegani. Ndiyo maana hawakucheka. Hukuwa mtoto wake, kwa hiyo hapakuwa na aibu. Kan hubebwa.

Farasi ni wako. Tulitaka umalize masomo kwanza.

Hapa chini sijui niandike nini.

Haishat

*

Leningrad, 14 Januari 1979

Sijui nikuite nani, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua haianzi bila salamu. Basi salamu. Mimi ni mzima kwa maana ya kwamba natembea.

Nimekuwa kama mtu aliyepigwa na kitu asichokiona. Nakaa darasani, watu wanazungumza, nasikia sauti tu. Juzi nilimwona Mrusi mmoja barabarani, mtoto kamkalia mabegani, wote wawili wana theluji kwenye nyusi, wanacheka. Nilishika ukuta. Zukhra alidhani nimeteleza.

Nataka ufahamu jambo moja. Nilipokuwa na huzuni katika mji huu, ile siku ya soko ndiyo niliyoitoa na kuitazama. Niliwaonyesha watu kama wengine wanavyoonyesha picha. Kumbe kila aliyekuwa sokoni aliona kinyume cha nilichoona mimi. Nilikuwa juu, na kofia kichwani, natangazwa kwa kijiji kizima kwamba si mtoto wake, na mimi nikicheka.

Na Nashkho? Katika barua yako ndefu amekwenda kuteka maji, na huko ndiko mlikomwacha. Alirudi na ndoo akakuta nini? Mlimwua mumewe, mkamchukulia na mwana, mkayaita hayo malipo. Hakuna aliyemwuliza. Wanaume walitazama wanaume, bibi akatazama ukuta.

Sasa mnataka nirudishwe kama sufuria ya kuazima, imesuguliwa na kuongezewa farasi. Siendi. Farasi mpeni Anzor. Mwalimu nimemrudishia neno lake, nimemwambia anipe lolote lingine.

Kuna swali moja linanila. Alinipenda, au alikuwa analipa? Usijibu. Hakuna jibu lako ambalo ningeliamini, wala lake.

Marita

*

Chegem, 18 Machi 1979

Marita,

Salamu nyingi. Ng'ombe mwekundu amezaa. Anzor amefuga masharubu, hayampendezi, hakuna wa kumwambia tangu uondoke.

Uliuliza habari za Nashkho. Alirudi na ndoo. Zaidi ya hapo sijui, na sikuwahi kumtuma mtu aulize, kwa sababu niliogopa angekutaka. Hilo ni langu mimi, usimtwike Hasanbi.

Daktari wa Nalchik amempima. Mapafu yamekwisha. Hataona nyasi za mwaka huu zikikatwa. Nilipomsomea barua yako alisikiliza mpaka mwisho, hakutoka nje, na tangu siku hiyo amekuwa akimsugua yule farasi kila asubuhi. Ameamua kwenda Baksan njia ya mlimani ikifunguka. Wazee walikuja hapa wakamwambia kwamba bila kan hana anachorudisha. Atakuwa mwuaji tu aliyeingia uani na mnyama. Betal yu hai, na alishasema siku nyingi kwamba anamsubiri ama na mtoto, ama peke yake. Hasanbi akawajibu kwamba farasi ni wa Marita na atalala kwao Marita. Anzor alitaka kwenda naye na bunduki. Hasanbi akamnyang'anya, akaitupa mtoni.

Ataingia uani kwa Betal tarehe tano Aprili. Betal na Nashkho wanaishi ua mmoja. Mimi siruhusiwi kwenda, mwanamke wa nyumba yetu havuki kwenda kwao mpaka damu iishe.

Sikuombi uje. Nakuambia siku, kwa sababu ukiisikia baadaye utaniuliza kwa nini nilinyamaza, na mimi sina nguvu tena za kuulizwa hivyo.

Haishat, aliyekunyonyesha

*

Baksan, 6 Aprili 1979

Mama,

Baba yu hai. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Shikamoo, Mama. Najua umekaa jikoni tangu jana hujala. Yu hai, anarudi kwa miguu, gari amelikataa, na anapumzika kila baada ya hatua chache, na mtu anayeleta barua hii kwa gari atakufikia kabla yake. Naiandika alfajiri kwenye meza ya Nashkho.

Nilifika hapa juzi. Sikuwa nimeamua kuja kwa ajili yake. Nilijiambia nakuja kumwuliza Nashkho lile swali la ndoo. Alifungua lango mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono yangu mimi, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema wa Kambulat. Akaketi chini pale pale kwenye matope.

Baadaye alipika kuku wa krimu, hakuna aliyemla. Nikamwuliza. Alisema aliporudi na maji susu la mtoto lilikuwa bado linabembea. Akaniuliza kama nala pilipili.

Jana wanaume wa ukoo walikaa uani tangu asubuhi. Betal alikaa katikati, mzee mwenye mikono mizito, na bunduki imeegemezwa ukutani nyuma yake, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Mimi nilisimama kwenye ngazi na Nashkho na wanawake wengine. Baba akaingia akimvuta farasi, kofia mkononi. Tangu siku ile ya soko sijawahi kuona kichwa chake kitupu nje ya nyumba. Amekonda, Mama. Hukuniambia amekonda hivyo.

Hakujua nipo. Aliinua macho akaniona, na hatua yake ikakatika katikati.

Watu wakasubiri. Mimi pia nilikuwa nasubiri, kwa maana nilishaelezwa yatakayofuata: mlezi humshika kan mkono, humkumbatia mbele ya wote, hutaja jina lake, humkabidhi hatamu. Mzee mmoja alimkumbusha, akamwambia mkumbatie, ndiyo sheria. Njiani kwenye treni nilikuwa nimejipanga. Nilisema atanikumbatia, nitamwachia, na sitaamini.

Hakunikumbatia. Aligeuza uso pembeni akatazama ukuta. Masikio yakamwiva, yale masikio makubwa, yakawa mekundu mpaka shingoni. Alimpa Betal hatamu bila kunisogelea, na jina langu hakulitaja. Alinyoosha kidevu upande wangu, akasema: "Yule pale."

Ndivyo anavyosema habari za Anzor. Ndivyo anavyosema kila mwanaume wa kijiji chetu akilazimika kumtaja mwanawe wa kumzaa mbele ya wageni.

Nilichofikiri kwanza ni kwamba amenikana. Kisha Nashkho akanishika kiwiko kwa nguvu, alama ipo mpaka sasa. Mmoja wa wanawake nyuma yangu akanong'ona: "Anamwonea haya."

Uani wote walikuwa wameelewa. Mbele ya ukoo wa mtu aliyemwua, na bunduki ukutani, Baba alishindwa kufanya jambo moja jepesi ambalo lingemwokoa. Katika soko lile aliweza. Jana hakuweza. Sijui lini kati ya siku hizo mbili nilibadilika mikononi mwake, na nadhani hata yeye alikuwa hajui mpaka nilipomtokea pale kwenye ngazi. Ilikuwa ni tusi kubwa kuliko yote ambayo mtu angeweza kuingia nalo ua ule. Mtoto wa Kambulat, na yeye anamwonea haya kama wake.

Betal akamtuliza farasi aliyekuwa anapiga kwato. Akasema: "Hasanbi, umekuja kuturudishia mtoto, au umekuja kutuambia ni wako?"

Baba hakuweza kuinua macho. Alisimama, kofia anaizungusha mkononi, halafu kikohozi kikamshika kikamkunja mpaka magotini, na nilipotaka kuteremka Nashkho alinizuia. Akateremka yeye. Alipita kati ya wanaume, akaichukua ile bunduki ukutani kama mtu anayechukua ufagio, akaenda nayo ndani. Hakuna aliyemwuliza, na safari hii hakuhitaji kuulizwa.

Betal akatazama mlango alioingilia shemeji yake, akatazama kichwa kitupu cha Baba. Kisha akasema: "Mpeni kiti. Mnamwona anakohoa."

Damu imekwisha, Mama. Unaweza kuvuka.

Nitakaa kwa Nashkho mpaka nyasi zikatwe. Ana haki ya kunizoea na ana haki ya kunichoka. Halafu nitakuja kwenu na farasi, na Anzor atampanda kwanza, akishanyoa masharubu. Mwalimu nitamwandikia anirudishie neno langu, kama bado hajampa mtu.

Baba alipoondoka alipita karibu yangu, karibu kabisa, nikasikia harufu ya moshi na ya farasi. Hakunitazama. Mpashie maziwa akifika, usimwulize kitu. Na siku utakapomsomea barua hii, akisimama katikati akatoka nje, mwache atoke.

Binti yenu,
Marita